Sura ya 5: Akigongwa na Gari Gikomba, Nani Atalipa?

Nani hulipa hospitali mtu akigongwa na gari? Je, anaweza kudai fidia hata kama hakuwa amevukia kwenye kivuko cha pundamilia? Na mchuuzi asiye na payslip wala daftari la hesabu atathibitishaje alichokuwa akipata kabla ya kuvunjika mguu? Maswali haya husikika katika kila wadi ya mifupa jijini Nairobi. Sura hii inayajibu kwa kufuata njia ambayo madai hupitia, kuanzia dakika za kwanza baada ya ajali hadi siku fidia inapolipwa au inapokataliwa. Mifano imechukuliwa Gikomba, soko la mitumba la Eastlands ambako miguu na magurudumu hugombania nafasi ileile kuanzia alfajiri.

Barabara ambayo pia ni soko

Gikomba imezungukwa na njia zenye shughuli nyingi: Landhies Road inayopita karibu na stendi ya Machakos Country Bus, Jogoo Road inayoelekea mitaa ya mashariki, na barabara za Pumwani na Shauri Moyo. Malori yanayoleta mabelo hurudi nyuma katikati ya watu. Kenta husimama ovyo, matatu hushusha abiria popote, bodaboda hupenya palipobaki upenyo, na hamali hupita na mikokoteni iliyojaa hadi juu. Njia za waendao kwa miguu, pale zilipo, zimefunikwa na vibanda, hivyo wateja na wachuuzi hulazimika kutembea barabarani.

Hatari hii si ya Gikomba peke yake. Katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani nchini Kenya kila mwaka, na watembea kwa miguu ndio kundi kubwa zaidi kati yao.

Wengi hudhani kwamba aliyegongwa ndani ya soko, kwenye kichochoro au kando ya kibanda, hana lake kwa kuwa hapo "si barabara". Sheria ya Trafiki haisemi hivyo. Kwa mujibu wake, barabara ni pamoja na njia yoyote ambayo gari linaweza kupita na ambayo umma unaruhusiwa kuitumia, zikiwemo maegesho na njia za miguu. Kichochoro cha soko ambamo kenta huingia kupakua mabelo kinaweza kuhesabiwa humo.

Matibabu kwanza, malipo baadaye

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 iliongeza makali: kituo cha afya chenye uwezo wa kutoa huduma hiyo kikikataa, kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Matibabu ya dharura ni yale ya kuokoa maisha au kuzuia madhara yasizidi, kama vile kuzuia damu, kusaidia kupumua, kutuliza hali ya mgonjwa na kumhamisha akihitaji hospitali kubwa zaidi. Hayasubiri amana wala jamaa wa kuweka sahihi.

Umuhimu wa ibara hiyo ya Katiba ulionekana Oktoba 2015. Mtembea kwa miguu aliyekuwa amegongwa na gari jijini Nairobi alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi huku kitanda cha wagonjwa mahututi kikitafutwa. Alifariki, na kisa chake kikaitikisa nchi.

Dharura ikishapita, gharama huanza kuhesabiwa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Aliyesajiliwa na kulipa michango yake hupata sehemu ya gharama kupitia huko, na kinachotoka mfukoni mwake anaweza kukidai baadaye kwa aliyesababisha ajali. Ndiyo maana kila risiti ina thamani, hata ya bandeji na ya nauli ya teksi.

Ajali moja, kesi mbili

Ajali moja inaweza kuzaa kesi mbili tofauti, na kuzichanganya kumewapotezea wengi haki yao.

Ya kwanza ni kesi ya jinai. Serikali humshtaki dereva kwa kosa la trafiki, kama vile kuendesha gari kwa uzembe au kusababisha kifo. Dereva akipatikana na hatia hupigwa faini, hufungwa au hunyang'anywa leseni. Faini hiyo huenda kwa Serikali, na majeruhi hapati hata senti.

Ya pili ni kesi ya madai. Hii hufunguliwa na majeruhi mwenyewe au familia yake, na lengo lake ni fidia, yaani pesa za kufidia maumivu na hasara. Hapa hahitajiki kuthibitisha bila shaka yoyote. Inatosha kuonyesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya upande wa pili.

Dereva akitiwa hatiani katika kesi ya jinai, na rufaa ikiwa imekwisha au haikukatwa, hukumu hiyo ni ushahidi mzito katika kesi ya madai. Lakini dereva akiachiliwa, au asiposhtakiwa kabisa, mlango wa madai haujafungwa. Aliyejeruhiwa asingoje kesi ya trafiki iishe ndipo aanze yake.

Kwa ufupi: kesi ya jinai humwadhibu dereva, na kesi ya madai humlipa majeruhi. Kila moja huenda njia yake.

Karatasi za siku za kwanza

Dereva aliyehusika katika ajali yenye majeruhi analazimika kusimama, kutoa jina lake na la mwenye gari, na kuripoti kituo cha polisi haraka iwezekanavyo, bila kupita saa 24. Hata hivyo si busara kumwachia dereva kazi hiyo. Majeruhi au jamaa yake anapaswa kuripoti pia. Katika eneo la Gikomba, ripoti nyingi huangukia vituo kama Kamukunji au Shauri Moyo, kulingana na mahali ajali ilipotokea.

Karatasi na taarifa zinazobeba kesi ni hizi:

1. Namba ya OB. OB ni kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Namba hiyo huonyesha kwamba ajali iliripotiwa, na siku gani.
2. Namba ya usajili ya gari. Bila namba hii ni vigumu sana kumpata wa kushtakiwa. Picha moja ya simu inayoonyesha namba ya gari na stika ya bima kwenye kioo inaweza kuokoa miezi ya kutafuta.
3. Majina na simu za mashahidi. Sokoni mashahidi ni wengi siku ya ajali na wachache mwaka unaofuata. Mwenye kibanda cha jirani ni shahidi bora kuliko mpita njia, kwa sababu anapatikana.
4. Abstrakti ya polisi. Hii ni hati inayotaja tarehe na mahali pa ajali, gari, dereva, mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya sera, pamoja na majeruhi.
5. Fomu ya P3. Daktari huijaza akieleza majeraha na ukubwa wake. Fomu yenyewe hutolewa bure.
6. Rekodi za hospitali. Hizi ni kadi ya matibabu ya siku ya kwanza, picha za eksirei, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka wadini, na risiti zote.
7. Ripoti ya daktari. Huandikwa baada ya matibabu kueleza hali iliyobaki, kama vile mguu uliofupika, maumivu ya kudumu au chuma kitakachohitaji kuondolewa.

Kadi ya siku ya kwanza ina uzito wa pekee. Aliyekwenda nyumbani kwanza, akakandwa maji ya chumvi, na kufika hospitalini baada ya wiki mbili, ataulizwa mahakamani kama kweli jeraha lilitokana na gari hilo.

Mwenye gari hutambuliwa kupitia rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ambako mtu anaweza kuomba taarifa za usajili kwa ada. Sheria humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mmiliki hadi ithibitishwe vinginevyo. Hili huwa na maana kubwa kwa matatu na malori, ambayo mara nyingi huuzwa kwa mkono bila kubadilishwa jina.

Bima ya mtu wa tatu

Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Hatari kwa Watu wa Tatu, maarufu kama Cap 405, inakataza gari kutumika barabarani bila bima. Katika mkataba wa bima, mtu wa kwanza ni mwenye gari na wa pili ni kampuni. Mtu wa tatu ni yule wa nje anayeweza kuumizwa na gari hilo, na mtembea kwa miguu ni miongoni mwao. Bima hii basi haikuwekwa kwa ajili ya kulinda gari. Iliwekwa ili aliyegongwa asikose kulipwa kwa sababu dereva ni fukara.

Utaratibu wake huwashangaza wengi. Majeruhi haishtaki kampuni ya bima moja kwa moja. Humshtaki dereva na mwenye gari, akishinda ndipo kampuni inawajibika kulipa hukumu. Mwenye gari huhusishwa kwa sababu dereva alikuwa akimfanyia kazi. Kampuni ikikataa, majeruhi hufungua kesi nyingine ya kuomba mahakama itamke kwamba ina wajibu wa kulipa.

Mambo mawili hayana budi kukumbukwa. Kwanza, kampuni lazima ijulishwe kuhusu kesi katika muda uliowekwa na sheria. Wakili makini hutuma ilani hiyo hata kabla ya kufungua kesi, kwa sababu bila ilani kampuni inaweza kukwepa kulipa. Pili, wajibu wa kampuni chini ya sheria hii una kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Kinachozidi hapo hudaiwa kwa mwenye gari na dereva wenyewe.

Kosa ni la nani?

Kugongwa pekee hakutoshi kupata fidia. Lazima ionyeshwe kwamba dereva alifanya uzembe, yaani hakuchukua tahadhari ambayo dereva mwangalifu angeichukua mahali kama hapo. Mwendo wa juu kabisa ndani ya mji ni kilomita 50 kwa saa, lakini hata kilomita 20 zinaweza kuwa za kasi mno katikati ya soko lililojaa. Kurudisha lori nyuma bila mtu wa kuelekeza, kupita matatu iliyosimama kushusha abiria, kupanda njia ya miguu kukwepa foleni, na kuendesha gari lenye breki mbovu ni mifano ya uzembe.

Mtembea kwa miguu naye ana wajibu. Aliyechomoka ghafla katikati ya magari, au aliyevuka Jogoo Road chini ya daraja la miguu lililojengwa kwa ajili yake, anaweza kuonekana amechangia ajali. Hata hivyo kuchangia hakumnyimi haki yote. Mahakama hugawanya lawama kwa asilimia na kupunguza fidia kwa kiwango hicho. Tuseme fidia imekadiriwa kuwa shilingi 800,000 na majeruhi ameonekana ana asilimia 30 ya kosa. Atapata shilingi 560,000. Hili ndilo jibu la swali la kivuko: kuvuka pasipo na pundamilia hupunguza, mara nyingi hakufuti.

Kwa watoto mizani ni tofauti. Mtoto mdogo hatarajiwi kuwa na busara ya mtu mzima barabarani, na dereva anayewaona watoto karibu na barabara anatarajiwa kujihadhari zaidi. Kesi ya mtoto hufunguliwa na mzazi au mlezi kwa niaba yake.

Fidia huhesabiwaje?

Fidia huwa na sehemu mbili kuu.

Fidia ya jumla hulipia kisichokuwa na risiti: maumivu, kilema, na raha za maisha zilizopotea. Jaji au hakimu hukadiria kwa kutazama kiasi kilichotolewa katika kesi za nyuma zenye majeraha yanayofanana. Mkono uliovunjika na kupona vizuri hupewa kiasi kidogo, na mguu uliokatwa hupewa kikubwa zaidi.

Fidia maalumu hulipia gharama zinazohesabika, kama dawa, upasuaji, nauli na ada ya abstrakti. Sheria hapa ni kali: kila gharama lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe. Kisichotajwa hakilipwi hata kama kina risiti.

Kuna pia gharama za matibabu ya baadaye na mapato yaliyopotea, na hapo ndipo watu wa Gikomba hukata tamaa mapema. Muuza viatu vya mitumba hana barua ya ajira. Hamali hulipwa kwa mzigo. Fundi wa cherehani hupokea pesa taslimu. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba cheti na karatasi ndiyo njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato, ikieleza kwamba msimamo huo ungewadhulumu Wakenya wengi wasioweka rekodi na ambao hata hivyo hujipatia riziki. Kwa hiyo ushahidi wa mdomo unasikilizwa. Lakini ushahidi mwepesi huleta kiasi chepesi, na mahakama ikikosa cha kushika inaweza kutumia kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na Serikali.

Mchuuzi anaweza kujijengea ushahidi kwa vitu alivyo navyo tayari:

- taarifa ya M-Pesa, hasa ya till au ya malipo kwa muuzaji wa mabelo;
- risiti za ada ya kila siku ya soko inayolipwa kwa kaunti;
- daftari la chama linaloonyesha michango yake;
- maelezo ya anayempa mzigo, jirani wa kibanda au kiongozi wa wachuuzi.

Mtu akifariki, haki haifi naye. Sheria ya Ajali za Vifo huwapa mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea haki ya kudai riziki waliyopoteza. Sheria nyingine huruhusu wasimamizi wa mali ya marehemu kudai kwa niaba yake. Kabla ya kufungua kesi kwa ajili ya mali ya marehemu, familia hupaswa kupata idhini ya mahakama ya kuisimamia.

Saa haisimami

Kesi ya madai kutokana na uzembe inapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Familia ya aliyefariki ina miaka 3 tangu siku ya kifo. Gari likiwa la Serikali ya kitaifa, muda ni miezi 12 tu. Mahakama inaweza kuongeza muda katika hali chache, lakini kuugua, kukosa pesa au kuahidiwa na mwenye gari kwamba "tutaongea" kwa kawaida si sababu za kutegemewa. Hata mtoto akiwa ndiye majeruhi, mzazi asingoje.

Mahakama na wakili

Kesi nyingi za ajali husikilizwa na mahakimu, ambao kwa Sheria ya 2015 wanaweza kuamua madai hadi shilingi milioni 20 kulingana na ngazi ya hakimu. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Sheria yake inataja fidia ya majeraha, lakini majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kama inahusu pia kesi za uzembe barabarani. Ni vyema kupata ushauri kabla ya kuchagua njia hiyo.

Asiye na uwezo ana pa kuanzia. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia maskini tangu 1973. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa chini ya sheria ya 2016 kwa kazi hiyohiyo. Wakili wa kulipwa naye lazima awe na leseni ya mwaka husika, jambo linaloweza kuthibitishwa kwa Chama cha Wanasheria wa Kenya, LSK.

Tahadhari kubwa ni kwa madalali. Hawa hufika wadini au kituo cha polisi kabla hata plasta haijakauka, wakiwa na fomu za kutiwa sahihi na pesa kidogo za kuvutia. Kutafuta wateja kwa njia hiyo ni kosa. Pia sheria haiutambui mkataba unaosema wakili atalipwa tu kesi ikishinda. Ada ikubaliwe kwa maandishi, na majeruhi abaki na nakala ya kila karatasi. Wakili akipokea fidia asiifikishe kwa mteja, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Kumalizana nje

Si lazima kila dai lifike mahakamani. Mengi huisha kwa makubaliano na kampuni ya bima, na hilo ni jambo jema kiasi kikiwa cha haki. Hatari iko katika kumalizana mapema. Mwenye matatu hutoa shilingi elfu chache kituoni, majeruhi anatia sahihi kwamba hana dai tena, na miezi mitatu baadaye mfupa unagundulika haukuunga. Hati ya aina hiyo ikishatiwa sahihi ni vigumu kuivunja. Kanuni ya busara ni moja: majeruhi asitie sahihi hati ya kufunga dai kabla daktari hajasema jeraha limepona kiasi gani, na kabla mtu anayejua sheria hajaisoma.

Pale mlango unapokuwa mwembamba

- *Gari lililotoroka.* Bila namba ya gari hakuna wa kushtakiwa. Afrika Kusini ina mfuko wa umma unaoweza kumlipa hata aliyegongwa na gari lisilojulikana. Nchini Kenya bima hufungwa kwa gari linalotambulika.
- *Mkokoteni.* Hauna injini, hivyo sheria ya bima haiuhusu. Mwenye uzembe anaweza kushtakiwa, ila hukumu italipwa na mfuko wake tu.
- *Bodaboda isiyo na bima.* Dereva na mmiliki wanawajibika wenyewe. Kumjua mmiliki halisi ni muhimu, kwani mara nyingi si yule anayeendesha.
- *Kampuni iliyoanguka.* United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, zote zenye wateja wengi wa matatu, ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wadai wakasubiri miaka. Hazina ya fidia iliyowekwa kwa hali kama hizo hulipa kwa kikomo tu.

Muhtasari wa sura

Matibabu ya dharura ni haki. Ripoti ya polisi na kadi ya hospitali zipatikane siku ileile inapowezekana. Kesi ya trafiki si kesi ya fidia. Bima ya gari ipo kwa ajili ya mtu wa nje, hadi shilingi milioni 3. Kosa la mtembea kwa miguu hupunguza fidia, kwa kawaida haliifuti. Muda ni miaka 3, au miezi 12 dhidi ya Serikali.

Sheria ya Kenya haimbagui mchuuzi wa Gikomba kwa mwenye mshahara. Kinachowatofautisha mahakamani ni ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo hupatikana au hupotea katika wiki ya kwanza.